Sahihi ya Kumi na Mbili

Alhamisi tarehe 8 Mei, saa nne na robo asubuhi, wanafunzi wakiwa nje wanakunywa uji, ukuta wa darasa la tano ulimwangukia Mwalimu Anold akisahihisha madaftari. Shule ile ya nje kidogo ya Maramba ilikuwa na mkuu na walimu kumi na mmoja, wakabaki kumi. Ripoti ya shule ikasema marehemu alijitakia: chumba kilishafungwa, akaingia kwa ubishi wake.

Mjane wake, Ritha, alifundisha shule ya jirani na alikuwa mwakilishi wa chama cha walimu katani. Tarehe 26 alitoka msibani, nguo nyeusi mwilini. Pole za watu hakuzitaka tena. Alitaka aliyemuua Anold akione cha mtema kuni.

Alianza na fundi Jumbe, maana mji mzima ulisema saruji yake ilikuwa mchanga mtupu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Najua kilichokuleta."

"Ukuta ule kazi yako?"

"Nilipiga lipu tu, mwezi wa pili. Nikamwambia mkuu ufa umefika chini, tubomoe. Akasema ziba, wageni wanakuja."

Saa sita mchana Ritha akafika shuleni. Mlangoni alipokewa na Mwalimu Innocent, kijana aliyeletwa tarehe 19 kushika nafasi ya Anold. Akampa pole, macho chini.

Mwalimu Mkuu Zebedayo hakuwa na wasiwasi. Akafungua kitabu cha matangazo, kile kinachopitishwa darasa hadi darasa, mwalimu anasaini na kuendelea na kipindi. Tangazo lilikuwa la tarehe 5 Mei: darasa la tano limefungwa, ukuta ni hatari.

"Wote walisaini, Madam Ritha. Hata marehemu, hii hapa."

Ritha akahesabu sahihi. Akarudia kuhesabu. Akapiga picha, akashukuru, akaondoka.

Kesho yake saa tatu alirudi na Asmahani, mkaguzi wa usalama kazini kutoka Tanga. Walimu wote waliitwa ofisini.

"Mwalimu Mkuu," Ritha alisema, "tarehe 5 walimu wako walikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Tusomee waliosaini."

Alisoma haraka haraka. Jina la kumi na mbili likamkwama.

"Innocent," Ritha akammalizia. "Tarehe 5 alikuwa hata hajaijua Maramba."

Innocent akasimama. "Kitabu kilinikuta nafundisha, wiki iliyopita. Nikasaini bila kusoma. Ndivyo tunavyosaini sote."

Wenzake wakaangalia sakafu. Ritha akaweka mezani nakala tatu za barua za Anold, zote zikitaka ahamishwe kutoka chumba kile.

"Kukataa kufundishia kwenye hatari ilikuwa haki yake," Asmahani alisema. "Ulimjibu nini?"

"Nilishaandika wilayani kwamba majengo yote ni mazima," Zebedayo akasema. "Nilikuwa napandishwa cheo. Ningekiri ufa, basi tena."

"Na sahihi ya marehemu?"

"Niliifuatisha mimi. Tangazo lenyewe niliandika baada ya mazishi, nikaweka tarehe ya nyuma."

Asmahani akaandika maelezo hayo, akamsogezea karatasi. Zebedayo akashika kalamu, akaenda moja kwa moja chini penye nafasi ya sahihi. Ritha akaufunika mstari kwa kiganja.

"Soma kwanza. Kwa sauti."

Akasoma. Alipofika kwenye jina la Anold sauti ikakatika.

"Rudia," Ritha akasema.