Mawe ya Ukuta wa Nyuma

Nina digrii ya uhandisi wa majengo, second upper, na jengo la kwanza nililojenga lilikuwa na kimo cha sentimita sitini. Ndiyo, nyumba ya midoli. Cheka kwanza, nitakusubiri. Kila mwajiri alitaka experience ya miaka mitano, kana kwamba mtu huzaliwa nayo, basi nikarudi kwa mama na kuwa kibarua wa dada yangu.

Dada hakusoma hata nusu ya nilivyosoma, ila mikono yake ina akili. Anajenga nyumba za midoli kwa vitu vya kutupwa, na kilichompa jina ni mawe. Anachana trei za mayai, anaziloweka, anazisaga kwa blenda mpaka ziwe uji, anaukamua na kuuchanganya na gundi nyeupe. Ukianza kukauka anaukata vipande vidogo kama kucha, hakuna viwili vinavyofanana, na kuvibonyeza kwa foili iliyokunjwakunjwa ili vipate vitundu vya jiwe. Kisha rangi: kijivu, kahawia, halafu madoa ya sponji. Ukisogeza macho utaapa ukuta ule umenyeshewa mvua miaka mia.

Mama alikuwa akikaa dirishani na kutucheka.

"Mtu na digrii yake anajenga nyumba isiyoingia hata kidole."

"Kidole kinaingia, mama."

"Basi hamia."

Jumatatu moja alikuja mteja mpya. Mama wa makamo, nguo zimepigwa pasi, sauti ya chini ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alileta picha ya nyumba ya mawe ya ghorofa na mfuko uliojaa karatasi: barua, kadi, madaftari ya zamani, yote yameandikwa kwa wino wa zambarau. Hakutaka trei za mayai. Alitaka mawe yote yatokane na mfuko ule.

"Ni karatasi za watu waliokaa humo," alisema. "Wote wameondoka. Nataka wakae tena. Msichanganye na za mtu mwingine, wanangu. Aliye ukutani atakaa ndani."

Dada aliitikia kwa heshima. Mimi nilijisemea ni mambo ya mfiwa, mtu na huzuni yake, whatever.

Ukuta wa nyuma nilipewa mimi, na hapo ndipo nilipoharibu. Niliusahau uji kwenye ndoo, ukachacha na kuota ukungu. Nikaumwaga. Mfuko ulikuwa mtupu, dada alikuwa ametoka kununua gundi, na mawe ya mteja yaliyosalia kwenye sinia hayakutosha hata nusu ya ukuta. Ningemwambiaje? Mhandisi mzima ameshindwa kutunza ndoo? Nikavuta droo ya sebuleni, nikatoa daftari la kliniki la mama, lile la jalada la njano, lililokwisha kujaa. Nikalisaga lote, na jalada lake.

Mawe yalitoka mazuri. Nikayachanganya na yale ya mteja kwenye sinia, kwa sababu ndivyo tunavyofanya: unaokota bila kuchagua, ukuta usije ukaonekana wa kiwandani. Alhamisi asubuhi ya wiki iliyofuata nilimaliza kubandika na kupaka rangi.

"Leo umekuwa fundi," dada alisema.

Mchana mama akasema miguu yake ina baridi.

Ijumaa hakuweza kuinuka. Daktari wa zahanati alikuja, akamminyaminya, akasema ni uchovu, akaandika vidonge. Alipomaliza alinawa mikono. Maji yaliyoshuka kwenye sinki yalikuwa ya kijivu.

Jumamosi nilimfunua mama miguu nimpake mafuta. Kuanzia kisigino hadi juu ya goti ngozi ilikuwa ya kijivu. Juu ya kijivu, kahawia. Juu ya kahawia, madoa ya sponji. Sponji yetu ina pengo upande mmoja, niliing'ata mwenyewe siku niliyokosa mkasi. Pengo lilikuwepo. Kwenye kila doa.

"Nani kafunga mlango?" mama alinong'ona.

Mlango ulikuwa wazi.

Nilimweleza dada kila kitu. Bora angenipiga. Alichukua simu, akampigia mteja. Yule mama alifika ndani ya saa moja, akainama mbele ya ukuta wangu.

"Mmechanganya."

"Ni mimi," nilisema. "Sorry, mama. Nisamehe. Nitajenga upya yote. Ila huyu mgonjwa ndiye mzazi tuliyebaki naye. Hatuna mwingine."

"Bado hajazoea kule. Bandua ya kwake, atarudi. Ya kwake tu. Ukibandua la mtu wangu, naye atatoka."

"Nitayajuaje?"

"Wewe ndiye uliyeyachanganya, mwanangu."

Akaketi sebuleni kusubiri, mkoba magotini.

Nikachukua wembe. Nikakwangua rangi ya jiwe la kwanza, polepole. Ndani kulikuwa na wino wa zambarau. La mteja. Nikaliacha. La pili, zambarau. La tatu lilikuwa na uzi wa njano, mwembamba kama unywele. Jalada la daftari. Nikalibandua.

"Vidole vimepata joto," dada aliita kutoka chumbani.

Nikaendelea. Kwangua, angalia, bandua. Kwangua, angalia, acha. Jasho liliniingia machoni. Miaka minne chuo kikuu walinifundisha kuhakikisha ukuta hauanguki, na sasa nilikuwa naomba uanguke.

"Kifundo cha mguu," dada alisema. Baadaye, "Goti." Kisha akanyamaza.

"Dada?"

"Miguu imepona. Lakini rangi imepanda kifuani. Fanya haraka."

Njano iliisha. Nilikwangua safu nzima, hakuna. Safu nyingine, hakuna. Wembe ukanikata, damu ikashuka juu ya mawe na mawe yakainywa. Yaliyobaki yalikuwa ya pembeni, chini ya dirisha la ghorofani.

"Hapumui," dada alisema. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayesoma saa. "Mdogo wangu. Hapumui."

Sikukwangua tena. Kwenye ufa niliona kitu cha njano. Nikaingiza ncha ya wembe, nikavuta.

Chumbani mama alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetoka chini ya maji. Dada akaanza kulia.

Nilifungua kiganja. Yalikuwa mawe mawili, yameshikana kwa gundi. Moja la njano. Jingine lilikuwa na kipande cha barua ambacho blenda haikukimaliza. Wino wa zambarau, mwandiko wa kulala, neno moja zima: nisubiri.

Nilijaribu kulirudisha. Naapa nilijaribu. Gundi haikushika. Lilianguka, nikaliweka, likaanguka.

Yule mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Umebandua ya kwake tu?"

"Ya kwake tu," nilisema.

Alichungulia dirisha la ghorofani. Akachungulia tena. Kisha akaikumbatia nyumba yake kifuani, na ukuta wake wenye mapengo, akaondoka bila kuaga.

Mama alikula jioni ile. Alitembea mpaka dirishani kwake, akamtania dada kwa macho yake mekundu. Ni yeye, mama yetu, sina shaka hata kidogo.

Asubuhi ya Jumapili dada aliniita kwa sauti ya chini. Alikuwa ameshika ufagio lakini hafagii. Vumbi la mawe lilikuwa limetapakaa sakafuni kuanzia kwenye meza ya kazi, na juu yake kulikuwa na nyayo, ndogo kama punje za mchele. Safu mbili. Ya kwanza ya miguu mitupu, ilikwenda moja kwa moja hadi kitandani kwa mama.

"Na hizi?" dada alinong'ona.

Ya pili ilikuwa ya viatu vyenye kisigino. Iliandamana na ile ya kwanza mpaka mlangoni kwa mama, ikasimama, ikageuka. Ikashika korido. Kila hatua ilikuwa kubwa kuliko iliyotangulia.

Ya mwisho ilikuwa kwenye kizingiti cha chumba changu, sawa na mguu wa mwanamke mzima. Ncha ya kiatu ilielekea ndani.