Pipa la Dizeli la Mwololo

Akiba haiozi, husema watu, lakini hao hawajafungua pipa la dizeli lililokaa miaka minne. Mukai alipolegeza kifuniko asubuhi ile ya Machi 2001, alitarajia harufu ya mafuta yaliyochacha. Iliyomfikia ni harufu ya dawa ya kupaka kifua, ile ambayo marehemu mumewe alijipaka mpaka siku ya mwisho.

Alijiambia ni majonzi tu. Mwololo ndiye aliyenunua mafuta yale mwaka wa tisini na saba, akitaka kuwalimia watu mashamba kuanzia Kitengela hadi njia ya Mashuuru. Mvua za mwaka ule zikageuza udongo mweusi kuwa uji, trekta ikalala, naye mwenyewe akalala kitandani asiamke tena. Sasa ukame ulikuwa umekwisha, mawingu yamesimama juu ya Ngong, na Mukai hakuwa na mafuta mengine.

Aliyeshika usukani ni Kitheka, mdogo wa Mwololo. Alichota mafuta ya juu, akayachuja kwa kitambaa, ule utando mweusi akauacha chini. Hata hivyo trekta ilizima kabla ya mstari wa tatu kwisha, kwa kuwa filta ilikuwa imeziba. Akaibadilisha, kisha akalegeza skrubu ya juu yake ili atoe hewa iliyonaswa ndani, akipampu kwa kidole gumba huku povu likichuruzika. Hewa ilitoka ikikohoa.

"Mama Ndanu," aliita kwa sauti ndogo. "Kuja usikie hii kitu."

Mukai akainama. Kikohozi kilikuja mara mbili kwa ufupi, kisha kimoja kirefu, na nyuma yake sauti ya mumewe ikasema polepole, "Mukai, umekula?"

Hivyo ndivyo alivyomwuliza kila jioni ya ndoa yao. Mukai alikaa kwenye matuta akalia, na tusifiche, alilia kwa furaha.

Kuanzia hapo filta iliziba kila siku, na hakuna mwenye trekta aliyewahi kufurahia filta kuziba kama yeye. Alikuja shambani na spana yake mwenyewe, jua likiwa utosini, akalegeza skrubu na kumweleza mumewe habari za binti yao Ndanu aliyekuwa shule ya bweni. Kitheka alikaa kando, akikohoa. Mukai alimsikia, lakini penye pendo macho hayaoni.

Wiki ya pili Kitheka akawa anatema mate meusi, akawa hageuki akiitwa kwa jina lake, akaanza kuburuta mguu wa kushoto jinsi Mwololo alivyouburuta, na mchana mmoja wakiwa mezani akainua macho ambayo Mukai aliyajua kuliko yake mwenyewe, akamwuliza kwa upole, "Mukai, umekula?", na trekta wakati huo ilikuwa imezimwa, iko mbali, katikati ya shamba.

Mganga aliletwa kimya kimya kutoka Mashuuru, maana hawa ni watu wa kanisa. Bibi huyo, Kalunde, alichovya kidole ndani ya pipa akanusa.

"Bwanako akiwa mgonjwa, alikuwa anavuta mafuta na mpira, kwa mdomo?"

"Ndio, nyanya."

"Na ile iliingia mdomoni, alikuwa anatema wapi?"

"Hapo ndani. Hakupenda kupoteza hata tone."

"Basi alifungia pumzi yake humo. Jini imekuja ikaivaa, na sasa inataka kuvaa huyu shemeji yako. Mwaga yote kabla jua liingie, ama utamzika."

"Na kama ni yeye mwenyewe?"

"Jini inajua tu yale alisema hapa karibu na pipa. Iulize ile hakusema hapa."

Mukai akalilaza pipa, akashika kifuniko. Ndani, mtu aliomba.

"Mukai, usinimwage. Huku ni giza."

Mukai aliinamia kifuniko. "Mtoto wetu wa kwanza," alinong'ona, "tulimwita nani?"

Wawili tu ndio waliojua. Mtoto yule aliishi siku moja katika hospitali ya Machakos, na walipomzika waliahidiana wasilitamke jina lake tena, kwa sababu liliwavunja moyo. Mwololo hakuwahi kulitamka, hata usingizini.

Pipa lilinyamaza. Mukai alingoja, akabembeleza, akangoja tena, mpaka kikohozi cha Kitheka ndani ya nyumba kikageuka mkoromo. Ndipo akafungua.

Dizeli ikabubujika kwenye udongo uliopasuka, na udongo ukainywa, pipa likigugumia kila lilipomeza hewa, likizidi kuwa jepesi chini ya viganja vya Mukai, hadi Kitheka akasikika akivuta pumzi ndefu na kuomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Kalunde akashukuru. Mle ndani mlibaki matope meusi, kiasi cha kikombe.

Hewa ya mwisho ikaingia, na sauti ikatoka, taratibu, ya mtu anayevunja ahadi huku inamuuma.

"Tulimwita Mumbua."

Mukai alipiga magoti, akaanza kuuzoa ule udongo uliolowa kwa mikono miwili na kuurudisha ndani ya pipa. Kalunde hakumzuia.