Kanda ya Mzee Nyamweya

"Orwa, hiyo kanda imeisha?"

"Bado kidogo. Kuna mahali pamechafuka."

"Pamechafuka aje? Juzi si uliniambia iko sawa? Mazishi ni kesho!"

"Nipe hadi jioni, Ruth."

"Jioni nitakuwa mochari. Nakuja sasa hivi, niko hapa chini sokoni."

Simu ikakatika. Orwa akashusha pumzi. Kanda ilikuwa safi kabisa. Alikuwa amemdanganya kwa sababu hakujua la kufanya.

Kazi ya kuhamisha kanda za video kwenye kompyuta haina haraka. Kanda ya saa mbili huingia kwa saa mbili, nawe sharti ukae nayo. Orwa aliifanya kazi hiyo mjini Kisii miaka mingi, akatazama harusi za watu hadi akazichoka. Hakutarajia siku moja ajione mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta, kijana mwembamba ndani ya koti la kuazima.

Juzi Ruth alipopanda ngazi na kumkuta yeye ndiye mwenye duka, nusura ageuke aondoke.

"Sikujua ni kwako," alisema kwa ukavu. "Baba amekufa. Nataka watu wamwone akitembea, akicheka. Ni kazi tu, Orwa. Mengine tuyaache."

Mengine yalikuwa haya: mwaka 1999 Orwa alikuwa amwoe. Ruth aliamini Orwa hakutokea kwao kumposa. Orwa alitokea, akaambiwa langoni kwamba Ruth hamtaki. Kila mmoja alibeba donda lake akaenda zake. Ruth akaolewa na Nyasani, mwalimu wa Magwagwa. Orwa alioa, akafiwa, akabaki peke yake.

Sasa ushahidi ulikuwa mkononi mwake. Akiufuta, Ruth atamzika baba yake kwa amani na kuendelea kumwona yeye mwongo. Akiuonyesha, atajisafisha, lakini atamvunja moyo mwana mfiwa siku moja kabla ya mazishi. Hata angefanya nini, mtu angeumia.

Ruth akaingia akihema.

"Nionyeshe hapo pamechafuka."

"Ruth, wacha nikate hapo. Hutapoteza kitu."

"Baba yangu ni wangu. Nionyeshe."

Orwa akabonyeza.

Ilikuwa Sabato. Kaka yake Ruth alikuwa amebatizwa mtoni asubuhi, na baba yao Mzee Nyamweya, Msabato asiye na mchezo, alikuwa amekodi mpiga picha. Kamera ilizunguka ikionyesha wageni wakila, kisha ikageukia lango. Pale walisimama Orwa na mjomba wake.

Ruth akashika meza.

"Huyo ni wewe?"

"Ni mimi."

"Karibuni, lakini mmekuja kwa nini?" Mzee aliuliza kwenye kanda.

"Tumekuja kuposa, mzee," mjomba akajibu.

"Leo? Siku ya Bwana mnaleta habari ya ng'ombe wa mahari kwangu?"

"Utusamehe. Sisi ni Wakatoliki, hatukufikiria. Mimi nafanya kazi, mapumziko yangu ni Jumamosi na Jumapili tu. Tutarudi kesho."

"Msirudi. Ruth mwenyewe amesema huyu kijana hamtaki."

Ruth akaziba mdomo. Siku hiyo alikuwa amebaki kanisani kwa mazoezi ya kwaya.

Kwenye kanda wawili wale waliondoka wameinamisha vichwa. Ndipo Mzee akamgeukia ndugu yake na kusema kwa Ekegusii, lugha ya kwao: Ruth asijue walikuja. Wakati ule Orwa hakuwa anajua Ekegusii, na hata angejua, alikuwa ameshafika barabarani.

Orwa akasimamisha kanda.

"Hakuna mtu aliwahi kuitazama hii?" aliuliza.

"Kwetu hakukuwa na stima. Ilikaa tu kwa sanduku la Baba." Machozi yalikuwa yakimtiririka bila kufutwa. "Mimi nilikuwa nangoja, Orwa! Nilikaa kwa dirisha Jumapili mbili. Nilikulaani. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, nilikulaani bado."

"Na mimi niliamini umenikataa. Niliandika barua tatu."

"Barua zilikuwa zinapitia kwa Baba."

Orwa alitamani kumshika mkono, lakini aliona pete kidoleni akauacha mkono wake mezani.

"Ungekubali?" aliuliza polepole.

"Nilikuwa nimeshaanza kujifunza Kijaluo chenu," Ruth akasema, na hapo kilio kikamzidi.

Simu yake ikaita. Alijifuta uso kwa leso kabla ya kupokea.

"Mama Emily, umefika wapi?" ilikuwa sauti ya Nyasani. "Tuko mochari. Umekula kitu kweli?"

"Bado, Baba Emily."

"Nimekubebea uji. Usikimbie, tutakungoja."

Ruth akaikata simu, akaitazama kwa muda mrefu.

"Huyu mtu hajawahi kunikosea," alisema. "Hata siku moja. Kata hiyo sehemu, Orwa."

"Na nakala yako?"

"Hata yangu kata. Siwezi kukaa na hiyo kitu kwa nyumba yake."

"Sawa."

"Kanda yenyewe baki nayo. Wewe ndiye ulifukuzwa."

Orwa alipomaliza kukata, Ruth alichukua flashi, akafika mlangoni, akageuka. "Nisamehe kwa kukulaani." Kisha akashuka ngazi.

Orwa hakwenda mazishini. Alhamisi adhuhuri, ujumbe ukaingia:

"Tumemzika. Watu wamefurahi kumwona akicheka. Nimesimama nikamsifu mbele ya watu, na nimemsamehe kwa sababu ni baba yangu. Wewe usiharakishe kumsamehe. Nataka angalau mmoja wetu abaki na hasira."

Orwa akaandika, "Nitabaki nayo," akautuma, kisha akafunga duka saa saba mchana na kulia kama mtu aliyeachwa jana.