Tiketi Tatu za Mji wa Muziki

Kila siku masomo yalipokwisha, Katibu alipitia kwenye mashine ya kusaga nafaka kumchukua mama yake. Hakubisha hodi, maana isingesikika. Mashine ilinguruma kutwa nzima hadi ukuta ukatetemeka, na mama alisimama katikati ya kelele hizo akiwa mweupe kwa unga, toka kope hadi kandambili. Msichana alimgusa bega. Mama aligeuka, akatabasamu, akazima mashine, wakaondoka pamoja.

Katibu hakuwa na cheo chochote. Alikuwa mwanafunzi wa miaka kumi na miwili. Baba yake, fundi cherehani, ndiye aliyempachika jina hilo kwa sababu ya mwandiko wake mzuri na kupenda kwake kuandika kila jambo kwenye daftari.

Mama alikuwa amesaga nafaka miaka kumi na mitano bila kuziba masikio. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa zamani, na nyumbani walikuwa wamezoea kutaniana kuhusu hilo. Siku moja baba aliomba sindano, mama akamletea sinia. "Haya," baba alisema, "leo nitashona kwa sinia." Wote watatu walicheka.

Hawakucheka siku waliyokwenda kwa daktari wa masikio. Daktari alipima, akapima tena, kisha akamgeukia mama na kusema polepole ili asome midomo yake. "Hili la kulia nalo linakwenda, mama. Sitakudanganya. Huenda likafika mwaka, huenda lisifike miezi sita. Kama kuna sauti unayotamani kuisikia, isikie sasa."

Walipokaribia nyumbani mama alisimama. Kisha alisema, "Nataka kusikia bendi. Si ya redioni. Niwaone wakipiga na mimi nipo palepale."

Tangu aolewe hakuwahi kusafiri kwa matembezi. Lakini Ijumaa na Jumatatu za mwisho wa mwezi zilikuwa sikukuu, na mwenye mashine alikubali kumpa ruhusa siku zote nne. Mwendo wa siku nzima kwa basi ulikuwapo mji ambao kila mtu aliusifu kwa muziki wake. Mteja mmoja wa baba aliyewahi kuishi huko aliwaambia kuwa bendi hufanya mazoezi mchana huku milango ikiwa wazi. Akawaambia pia kuwa Jumamosi, saa kumi alasiri, ingepiga bendi kongwe ya mwanamama ambaye mama alimpenda tangu usichana wake.

"Katibu, andika," baba alisema.

Katibu aliandika: tiketi tatu za basi, chumba katika nyumba ya wageni, nguo za kubadili. Mama alichungulia daftari, akasema, "Andika na hili. Tukae upande wa kushoto wa ukumbi, ili sikio langu la kulia lielekee jukwaani."

Wakagawana kazi. Baba angetafuta chumba na kumshonea mama gauni jipya. Katibu angekata tiketi, kwa kuwa ofisi ya mabasi ilikuwa jirani na shule, na mama asingemsikia karani kupitia kioo. "Jumatatu, mwanangu, usingoje Jumanne," baba alimsisitiza.

Jumatatu Katibu alikuta foleni imefika barabarani. Rafiki aliyekaa naye dawati moja alipita akimwita mazoezini, maana timu ya netiboli ilipungukiwa mchezaji. Katibu aliitazama foleni, akautazama uwanja. "Kesho nitawahi," alijiambia, akakimbilia uwanjani.

Jioni baba aliuliza, "Umekata?"

"Nimekata, baba."

"Viti vya mbele?"

"Vya mbele."

"Tiketi ziko wapi?"

"Nimezihifadhi kwenye daftari, zisipotee."

Baba alimwinulia mama kidole gumba. Mama alifurahi hata akaacha kula.

Jumanne karani alitikisa kichwa. "Ijumaa imejaa, binti. Viti vya mwisho vimechukuliwa jana saa kumi na moja." Alipomwona msichana amepauka, aliongeza, "Lakini kuna gari la ziada, linaondoka Alhamisi usiku. Limebakiza nafasi nne. Hilo naandika kwa kitambulisho cha mtu mzima. Mwite baba yako. Nafunga saa kumi na mbili."

Kutoka pale hadi dukani kwa baba palikuwa na mwendo wa dakika kumi. Katibu alikwenda hadi dirishani akachungulia. Mama alikuwa amesimama mbele ya kioo na gauni jipya lililojaa pini, baba amepiga magoti akipima upindo. Mama alikuwa anazungumza, na baba alikuwa anacheka. Kumwita baba kungekuwa kukiri kwamba jana alisema uongo mara tatu. Katibu alisimama hapo mpaka miguu ikamuuma. Kisha akageuka, akaenda nyumbani.

Jumatano alimweleza rafiki yake.

"Sema leo," rafiki alimwambia. "Kesho itakuwa nzito zaidi."

"Labda kuna mtu ataahirisha safari."

"Na asipoahirisha?"

Katibu alijifanya anachonga penseli.

Ijumaa alfajiri walifika stendi. Mama alivaa lile gauni. Abiria walikuwa wakiingia, wapagazi wakirushiana mizigo, injini zikinguruma. Baba alinyoosha mkono. "Tupe tiketi, Katibu."

Katibu alimtazama mama. "Sikukata," alisema.

"Unasemaje?" mama aliuliza, akimtegea sikio la kulia.

"Sikukata tiketi."

"Kelele ni nyingi, mwanangu. Sema kwa sauti."

Basi ikambidi apaze sauti. Alisema kwamba hakukata tiketi, kwamba alisema uongo, na kwamba gari la ziada lilikuwapo na hakusema. Mama alimwambia arudie sehemu ya mwisho, akarudia. Abiria waligeuka kutazama. Karani naye alitoka ofisini akasimama mlangoni.

Mama alielewa. Alilitazama basi mpaka lilipofunga mlango, kisha akainama na kuchukua begi lake. "Turudi nyumbani," alisema.

Baba hakumpiga wala hakumfokea, na Katibu alitamani angefanya hivyo. Walipofika barabarani alisema tu, "Njia ya mwongo ni fupi, nilijua. Sikujua kwamba mama yako ndiye angekwama."

Jumamosi saa kumi alasiri mama alikaa kitandani, redio imebanwa kwenye sikio la kulia. Ilikuwa inatangaza bei za mazao. Hakuizima mpaka jua lilipokaribia kuzama.

Miezi mitano baada ya hapo, mama alimpa baba ile redio. "Ipeleke kwa fundi," alisema, "imekufa." Baba aliichukua. Ilikuwa inaimba kwa sauti ya juu kabisa, hata jirani alikuwa amekuja kulalamika. Baba aliizima, akamshika mama mkono, na Katibu akatoka nje.

Mapumziko mengine marefu yalikuja mwezi wa nane tangu safari ile ikwame. Katibu hakuthubutu kutaja safari. Mama ndiye aliyemwekea daftari mezani. "Andika," alisema.

Safari hii alipanga foleni tangu mwanzo hadi dirishani, akaleta tiketi tatu mkononi. Baba alipompa simu apige kuulizia chumba, mwenye nyumba ya wageni alijibu kwamba vyumba vimejaa. Katibu alikata simu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye cherehani.

"Baba, chumba kimekosekana."

Baba aliweka mkasi chini. "Umeniambia mapema. Tutafute kwingine." Kabla ya jioni walipata.

Mji ulikuwa kama walivyosimuliwa. Barazani watu walipuliza tarumbeta, na kila kona ilikuwa na gitaa lake. Jumamosi alasiri walikaa upande wa kushoto wa ukumbi, karibu na jukwaa. Mwanamama yule alitoka, mvi zimemjaa kichwani, akaanza kuimba. Watu waliokuwa wakizungumza walinyamaza.

Mama aliinama mbele. Akageuza kichwa kidogo, akageuza tena. Kisha akaweka kiganja juu ya benchi.

"Unasikia, mama?" Katibu aliuliza akimtazama usoni.

"Ngoma naipata kwenye mbao. Yeye simsikii."

Katibu alianza kulia. Mama alimwacha alie kidogo, kisha akamgeuza uso kwa kidole.

"Nilishakusamehe," alisema. "Lakini nataka ulijue kosa lako vizuri, usije ukalikosea. Kuiacha foleni ni utoto, na baba yako angekimbia Jumanne ile akatukatia tiketi za gari la ziada. Ulipokosea, mlango ulikuwa bado wazi. Uongo wako ndio ulioufunga. Kosa likisemwa mapema watu husaidiana kulitengeneza. Likifichwa, anayelipa si lazima awe aliyelificha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Basi futa machozi. Ukilia siwezi kuisoma midomo yako. Niambie anaimba nini."

Katibu alijifuta kwa mkono wa gauni. Akamgeukia mama na kuanza kumtamkia maneno ya wimbo, polepole, moja baada ya jingine.

"Kama anavyosema yeye," mama alisema. "Usiongeze la kwako."

Hakuongeza hata neno moja.