Loice na Bakuli la Nyambeki

Kila siku kengele ya chakula cha mchana ilipolia, wasichana wa Gredi ya Nane waliketi kando ya darasa, upande unaotazama mashamba ya majani chai, wakafungua vyakula vyao. Loice Ogada alifungua chake pia, ila macho yake yalikuwa kwa Nyambeki.

Nyambeki alikula akiwa ameugeukia ukuta, mkono mmoja umelifunika bakuli. Punde si punde bakuli lilikuwa limesharudi mkobani.

"Anadonoa kama kifaranga," Loice aliwaza. "Ndiyo maana ni mwembamba na mwepesi."

Wivu ulimkereketa kweli kweli. Timu ya netiboli ilikuwa iende Kericho kwa mashindano, na nafasi ya mfungaji ilikuwa moja tu. Mwaka uliopita ilikuwa ya Loice. Mwaka huu Nyambeki alikuwa amerefuka, na kila mpira aliorusha uliingia golini. Mwalimu Obure alipaza sauti, "Safi sana, Nyambeki!" na Loice akahisi kama amekanyagwa kidole.

Basi akaamua kuwa kama yeye. Omena, ugali na sukuma wiki alivyofungiwa na mama akawa anawagawia wenzake. Tumbo alilijaza chai ya rangi, nyeusi tititi, asubuhi, mchana na jioni. Huku Kimulot chai si kitu cha kutafuta.

"Nimeshiba, Mama," alisema kila jioni, akisukuma sahani.

"Umeshiba nini, na mashavu yameingia ndani?" aliuliza mama yake, ambaye alikuwa ameshinda shambani akichuma chai.

Wiki ya nne, Ijumaa, Mwalimu Obure aliwaita uwanjani achague mfungaji. Mipira miwili ya kwanza ya Loice iliingia. Alipoinua mikono arushe wa tatu, aliona magoli mawili badala ya moja. Akaanguka pu! Aliyemwinua na kumshika mkono hadi zahanati alikuwa Nyambeki.

Nesi Monicah alimtazama ndani ya kope, akamdunga kidole apime damu.

"Damu yako iko chini, mwanangu. Unakula nini?"

Loice aliangua kilio. "Sili, Sista. Namwonea Nyambeki wivu! Yeye hali na bado ananishinda."

Nyambeki alitoa macho. "Mimi sili? Leo nimemaliza maharagwe, mboga ya chinsaga na omena, bakuli zima! Nafunika kwa sababu ulinicheka, Loice. Ulisema ati nakula chakula cha wazee."

Loice akakumbuka. Alikuwa amesema hivyo mbele ya darasa lote. Aliona haya hata akashindwa kuinua uso.

"Nisamehe, Nyambeki," alinong'ona.

"Mnasoma vitabuni jinsi watu wa Mediterania wanavyosifiwa kwa kula samaki, maharagwe na mboga," alisema Nesi Monicah. "Kwani omena si samaki? Na hiyo chai kali, usinywe pamoja na chakula. Inazuia mwili kupata madini ya chuma, na bila hayo damu haiongezeki. Subiri saa moja ndiyo unywe."

Alimpa dawa, akamwambia arudi baada ya mwezi.

Loice aliporudi, mashavu yalikuwa yamejaa na damu imepanda. Lakini Nyambeki ndiye aliyekuwa ameenda Kericho.

"Nilimpa hongera, Sista," alisema, "lakini bado naona wivu."

Nesi Monicah alicheka. "Wivu utauona tena na tena, hata mimi nauona. Ila mtu akikuzidi, mwendee umwulize amefanyaje. Wewe uliketi hatua mbili kutoka kwa Nyambeki mwezi mzima, ukaona afadhali kufa njaa kuliko kumwuliza."