Mlango wa Mtu Mmoja

Walikutana kwa fundi simu, Jumamosi asubuhi, benchi limejaa na kila mtu ana haraka. Mwanamke alikuwa muuza dawa. Alivaa gauni la kijani, koti jeupe la kazi limekunjwa mkononi, na simu yake ilikuwa imepasuka kioo. Mwanaume aliyebanana naye alivaa shati lililopigwa pasi upande mmoja tu.

"Dada, samahani. Una dakika kumi za bure?"

"Cha bure sina. Unataka nini?"

"Ucheze gemu yangu. Nimeitengeneza mwenyewe. Halafu uniambie ukweli."

Mwanaume akisema anataka ukweli, mara nyingi anataka sifa. Huyu alimaanisha.

Gemu ilikuwa ya msichana mdogo anayetoroka nyumba yenye walinzi. Hana silaha. Anajibanza vivulini, anahesabu hatua zao, anasogeza kiti hapa, anazima taa pale, mpaka njia ipatikane. Dada alicheza huku ameuma mdomo.

"Haya," alisema. "Giza lako zuri. Nyayo za mlinzi nazisikia kabla sijamwona, kwapa zimenilowa. Na kila chumba kina fumbo lake, hunirudishii lile lile."

"Na ubaya?"

"Nikionekana mara moja unanirudisha mwanzo kabisa. Hiyo ni adhabu, si mchezo. Halafu walinzi wako mazuzu. Nimejificha nyuma ya pazia, mmoja kahesabu kumi, kanisahau. Nani anasahau hivyo?"

Mwanaume alicheka mpaka watu wakageuka. "Dada, wewe ni dawa."

"Mimi naziuza tu."

Toka siku hiyo akamwita Dawa, naye akaitwa Fundi Giza. Simu zikawa haziishi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Chumba cha tano kina kosa, mlinzi anapita ukutani."

"Nakwambia nakupenda, unaniambia ukuta!"

"Nakupenda. Rekebisha ukuta."

Miezi minane ilipita hivyo. Jumapili moja, nyumbani kwake, Fundi alimuuliza Dawa imekuwaje anapita kila chumba upesi kuliko wote anaowapa kujaribu. Dawa akamweleza.

"Nimefanya mazoezi. Baba alikuwa na mkanda, aliutundika kwenye msumari karibu na mlango. Mama anakaa jikoni, anamchungulia. Baba akigeuka, mama anakohoa mara mbili. Maana yake njia nyeupe, nenda, usigeuke nyuma. Mimi peku, nabana ukuta, naruka kigae kimoja kilicholegea, mbio mpaka kwa shangazi. Nilipofika miaka kumi na minne nilikwenda nisirudi."

"Na mama?"

"Alibaki. Mwaka uliofuata akafa. Walisema alianguka."

"Alikohoa vipi?"

Akakohoa, mara mbili, kikohozi kikavu kifupi. Hakuwa amewahi kukitoa mbele ya mtu yeyote. Simu ya Fundi ilikuwa mezani, inarekodi. Hakuwa na nia mbaya. Wenye nia njema hawaombi ruhusa, na ndio wanaoumiza.

Gemu ilipotoka, Fundi alimwambia, "Chumba cha mwisho sikukuonyesha. Ni zawadi yako. Fika mpaka mlangoni."

Dawa hakupata nafasi siku ile. Kesho yake, yuko kaunta, mteja aliyesubiri vidonge vyake akawa anacheza kwa sauti. Mtu alikohoa mara mbili ndani ya simu. Chupa ilimponyoka Dawa ikapasuka sakafuni.

"Samahani, dada, ni gemu tu," mteja alisema. "Huyu mama wa jikoni anaudhi, anakohoa kama mbuzi. Ila bila yeye hupiti."

Saa ya chakula Dawa alifungua chumba kile. Mkanda kwenye msumari. Kigae. Jikoni, mwanamke amewapa watu mgongo. Alicheza mpaka jioni, kisha akapiga simu.

"Ulinirekodi."

"Dawa, umefika mlangoni?"

"Ulinirekodi, ukamwanika mama yangu sokoni."

"Fika mlangoni kwanza, mpenzi, utaelewa."

"Sitoki bila yeye! Nimejaribu mara arobaini. Nimevuta kiti, nimezima taa, nimembonyeza mama kila mahali. Haondoki jikoni. Umetengeneza mlango wa mtu mmoja."

"Ndivyo ulivyonisimulia," Fundi alisema.

"Nilikusimulia wewe."

Akakata.

Asichojua ni kwamba nyuma ya mlango ule palikuwa na maandishi: *Nikuoe?* Wachezaji wengi walikuwa wameshayasoma, wakadhani ni pambo. Aliyeandikiwa ndiye pekee aliyekataa kutoka.

Fundi alipiga simu, haikupokewa. Akatuma ujumbe, haukujibiwa. Akakaa wiki tatu kwenye kompyuta, akibadilisha chumba kile. Kisha akaenda dukani mchana, amekonda, shati limepigwa pasi pande zote mbili.

"Cheza mara moja tu. Ukitaka, nifukuze baadaye."

Dawa alivua miwani, akaipokea simu. Mama alikohoa mara mbili. Safari hii akaweka mwiko chini, akamshika mwanawe mkono. Wakabana ukuta pamoja, wakaruka kigae. Mlinzi akahesabu kumi, akasahau. Mlango ukafunguka kwa watu wawili. *Nikuoe?*

"Giza lako bado zuri," Dawa alisema.

"Na ubaya?" Fundi aliuliza.

"Mama hakutoka."

"Najua. Nilitaka angalau humu..."

"Kwanza ulimwanika. Sasa umenionyesha kumbe njia ilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na minne, sikuiona, nikakimbia peke yangu. Kila nikikutazama nitaiona hiyo njia. Nitaishije nawe?"

"Nitafuta chumba chote. Leo hii."

"Ukifuta, mama anakufa tena. Acha tu."

"Dawa, hunipendi?"

"Nakupenda sana. Haisaidii."

Wateja walikuwa wanasubiri. Dawa alimrudishia simu, akavaa miwani. "Anayefuata!"

Fundi alitembea polepole, akingoja aitwe. Alipofika mlangoni, alisikia kikohozi kikitoka kaunta nyuma yake, kikavu, kifupi, mara mbili.

Hakugeuka.