Jiwe Namba Arobaini na Moja

Ilianza na upepo. Mchana wa jua kali, madirisha yamefungwa, na binti wa mwashi, kitindamimba wa miaka saba, kajikunyata jikoni anatetemeka.

"Mama, upepo unaniingia."

"Upepo gani, wewe? Hata jani halitikisiki. Acha kudeka."

Mwashi alikitupia jicho kizingiti kipya cha mlango wa jikoni. Kule mlimani kwenye magofu, wataalamu walikuwa wameubomoa ukuta uliotaka kuanguka, kila jiwe likaandikwa namba kwa rangi nyeupe ili yeye alirudishe palepale lilipotoka. La arobaini na moja lilikuwa bapa, laini, zuri ajabu, na mkewe alikuwa amemchosha na malalamiko ya maji ya mvua kuingia jikoni. Basi bwana mwashi akalibeba likawa kizingiti, akachonga jingine, akaliandika arobaini na moja, akalijengea ukutani. Nani angejua? Tamaa hiyo, jamani!

Siku ya tatu nyumba ilinuka chokaa mbichi. Siku ya nne ikasikika ngo, ngo, ngo chini ya kizingiti, kama fundi anayepima jiwe kwa nyundo. Na mtoto akawa mzito. Mama yake alishindwa kumbeba, kisha chaga za kitanda zikavunjika. Wanaume wanne wakamfikisha zahanati, ambako nesi alimpima mara mbili, akasema mzani umeharibika, na hakuwatazama tena usoni.

Wakamwita mganga. Mganga huyo alimfukizia ubani mtoto, na kinywani mwa mtoto ikatoka sauti nzito, ya kukwaruza.

"Nani kaitoboa nyumba yangu? Upepo unaingia."

"Litarudi, mwenye nyumba," mwashi alinong'ona, kapiga magoti. "Leo hii. Niachie mwanangu."

Alikong'oa kizingiti, akakitupia kwenye toroli, akaupanda mlima mbio huku jua likimchoma utosini na ile ngo, ngo, ngo ikitoka ndani ya toroli, akafika, akalivunja jiwe lake la uongo kwa nyundo bila kujali vidole vinavyovuja damu, akalisukuma lile la kweli kwenye pengo lake, likaingia, likatulia, na upande wa kushoto pakabaki tundu la upana wa kiganja cha mtoto.

Ndipo alipokumbuka. Alikuwa amelikata. Mlango wa jikoni ulikuwa mwembamba, kwa hiyo alilikata ncha, na ile ncha akaiponda kokoto, akaimwaga kwenye zege la sakafu ya chumba cha binti yake.

Nyumbani alipokewa na vigelegele. Mtoto alikuwa amekaa, mwepesi, anaomba uji. "Amepona, baba watoto! Mshike!" Mwashi akamshika mkono wa kushoto. Ulikuwa wa kijivu, mgumu, wa baridi, na vidole havikujikunja.

Alichukua sururu akaanza kuivunja sakafu. Mkewe alipoelewa alipiga magoti naye, wakawa wanachambua kokoto kwa kucha, moja moja, ipi ya mtoni, ipi ya ukutani, na zote zimevaa saruji ileile, zote zinafanana.

"Tafuta, mke wangu. Tafuta tu."

"Baba," mtoto aliita kutoka mlangoni, taratibu, kama anayeogopa kuwasumbua. "Sasa ugumu umefika kwenye kiwiko. Na yule mwenye nyumba anasema bado upepo unaingia."